Jinsi ya kupanga uchumi wa wadi visiwani Lamu: kutoka mizani ya samaki hadi bajeti ya kaunti

Bandika kalenda mbili ukutani, moja kando ya nyingine. Ya kwanza ni ya serikali ya kaunti: Septemba mpango wa mwaka unapelekwa bungeni, Februari unatolewa waraka wa mkakati wa fedha, Aprili makadirio ya bajeti, Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Ya pili ni ya upepo. Kuanzia Disemba hadi Machi kaskazi inavuma, bahari ya nje inaingilika, na wavuvi wa kisiwa cha Pate wanahama kwenda dago, yaani kambi za uvuvi za msimu, majuma kwa majuma, upande wa Kiwayu na Kiunga. Kisha linaingia kusi, bahari inachafuka, vyombo vinapandishwa, na mifuko inakauka.

Sasa tazama Februari kwenye kalenda zote mbili. Mwezi ambao fedha zinagawanywa ndio mwezi ambao manahodha hawako mjini. Tena miaka hii Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi. Mkutano wa kuwasikiliza wananchi unaitwa, viti vinapangwa, na anayehitajika kusema yuko dago anasubiri maji yajae. Nimeketi katika mikutano ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara matokeo yalikuwa orodha ya mambo ambayo hakuna mvuvi aliyeyataja.

Mwongozo huu ni wa kamati ya kijiji, kikundi cha akina mama, BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), au kijana yeyote aliyesoma na anayetaka wadi yake iwe na mpango wa uchumi unaofika kwenye bajeti. Mifano mingi ni ya Pate kwa sababu ndiko ninakokujua. Aliye Witu, Hindi au Malindi mashambani abadilishe samaki kwa maembe au pamba, hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Chagua eneo dogo, kisha ulitembee

Kaunti ya Lamu ina wadi 10, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920. Ni watu wachache, lakini uchumi wao si mmoja. Mkulima wa pamba wa Mpeketoni, Mwaweer (Mboni) wa Basuba anayerina asali, fundi wa jahazi wa Matondoni na mvuvi wa Kizingitini hawaamki saa moja wala hawakopi kwa mtu mmoja. Ukipanga "uchumi wa Lamu" kwa jumla utaandika maneno mazuri yasiyomhusu hata mmoja wao. Chukua wadi moja, au vijiji vinavyotumia diko moja, yaani mahali pamoja pa kushushia samaki.

Tembea na daftari. Hesabu mashua na mitumbwi, mashine za boti zinazofanya kazi na zilizokufa, friza, punda, maduka, jabia (matangi ya maji ya mvua) zinazoshika maji na zilizopasuka. Hesabu akina mama karanga, wale wanaonunua samaki diko, wanawakaanga na kuwauza jioni, kwa sababu mara nyingi hawamo katika orodha yoyote rasmi ilhali wao ndio wanunuzi wa uhakika wakati wa kusi. Hesabu vijana waliomaliza kidato cha nne na uulize kila mmoja anafanya nini leo, si anataka kuwa nani.

Chora ramani kwa mkaa sakafuni au kwa kijiti mchangani, mbele ya watu. Watakusahihisha. Na ufanye mikutano miwili: wanaume barazani baada ya Alasiri, wanawake mahali pao na wakati wao. Aliyeishia barazani amesikia nusu ya kijiji.

Hatua ya 2: Andika mwaka wa kijiji, mwezi kwa mwezi

Chukua karatasi kubwa, chora miezi 12, na ujaze safu nne: upepo na mvua, kazi inayoleta pesa, matumizi makubwa, na deni. Usiijaze peke yako. Mzee anayejua bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo ya bahari, atakuambia siku ambazo akina mama hushuka mwambani kutafuta pweza, na mwenye duka atakuambia mwezi ambao daftari lake la mikopo hujaa.

Kinachojitokeza karibu kila mara ni kwamba shida si umaskini wa mwaka mzima. Kuna miezi ya pesa ambayo hakuna mahali pa kuiweka, halafu kuna miezi mitupu. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mradi unaopendekezwa ni hili: utamsaidia nani mwezi wa Juni, kusi likiwa limeshika? Mradi ambao faida yake yote iko Januari hauna ubaya, ila ujue bado hujaigusa njaa.

Kwa wa bara, safu ya mvua ndiyo inayobeba uzito: masika, mavuno ya ufuta, pamba, korosho na maembe. Swali linabaki hilo hilo.

Hatua ya 3: Fuata kilo moja ya samaki

Hapa usifanye haraka. Kaa diko siku tatu, ukae karibu na mizani kiasi cha kuisoma mshale wake. Utaona mambo ambayo hakuna ripoti inayoyasema: mizani iliyopigwa jua na chumvi hadi mshale hauanzii sifuri, ndoo inayopimwa pamoja na maji yake, mvuvi anayetajiwa bei akaitikia bila kubishana, kwa sababu nyavu alizovulia ni za tajiri aliyemkopesha na samaki walikwisha kuwa wa tajiri kabla hawajavuliwa. Usimfanye tajiri adui. Yeye ndiye aliyempa mvuvi mafuta wakati benki haikumjua. Andika tu kile kinachotokea.

Kisha fuata samaki yule: bei diko, bei akifika Amu mjini, bei akifika Mombasa. Kila hatua andika nani amelipwa nini: mpagazi, boti, barafu, gari, ushuru. Tofauti ya bei si wizi mtupu, kuna gharama ndani yake. Unachotafuta ni pale ambapo pesa inapotea bila kumfaidi mtu yeyote.

Mara nyingi inapotea kwenye joto. Fanya hesabu. Nambari hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme mashua moja inaleta kilo 100 kwa siku na bei ni shilingi 200 kwa kilo. Kwa kukosa barafu, kilo 20 zinalegea na kuuzwa kwa shilingi 100. Mashua hiyo imepoteza shilingi 2,000 kwa siku moja. Mashua 15 zikitoka siku 20 kwa mwezi, diko limepoteza shilingi 600,000 kwa mwezi. Hakuna tajiri aliyezila wala mvuvi, zimeoza.

Nambari kama hiyo, ikitoka kwenye mizani ya diko lenu na tarehe zikiwa zimeandikwa, ina nguvu kuliko kurasa 30 za malalamiko.

Hatua ya 4: Pima mradi kabla ya kuupenda

Ukishaona hasara ya joto, kila mtu atasema: tupewe mtambo wa barafu. Mimi pia nilisema hivyo. Katika mkutano mmoja nilisimama nikautetea kwa maneno mengi, hadi mzee mmoja nahodha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo barafu mtaigandisha kwa maji gani?"

Sikuwa na jibu. Tulirudi kwenye daftari tukapiga hesabu hivi.

Katika joto la pwani, kadirio la kawaida ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Mashua 15 zenye kilo 100 kila moja ni kilo 1,500 za samaki, kwa hiyo tani moja na nusu ya barafu kila siku. Tani moja na nusu ya barafu ni lita 1,500 za maji matamu, yaani mitungi 75 ya lita 20. Kila siku. Katika kisiwa ambacho visima vingi ni vya chumvi na watu hunywa maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye jabia.

Jabia nayo ina hesabu yake. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba 1 inaleta lita 1. Sakafu ya kukingia maji yenye mita mraba 400, mvua ya mwaka ikiwa tuseme milimita 800, inaleta lita 320,000. Toa robo kwa yanayokauka na kumwagika, zinabaki lita 240,000. Mtambo wa barafu ungezimaliza kwa siku 160 kabla mtoto mmoja hajapata kikombe cha maji.

Umeme pia. Tani moja ya barafu katika nchi za joto hula takriban uniti 55 hadi 85, kutegemea aina ya mtambo. Kwa tani moja na nusu, zidisha, kisha zidisha tena kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako ya stima. Ongeza mshahara wa mwendeshaji, spea, na nauli ya fundi anayetoka Mombasa pamoja na siku anazolala akisubiri kifaa.

Mahali fulani pwani hii niliwahi kuona mtambo mzuri uliotolewa kama msaada, ukiwa umefungiwa chumba chenye kufuli. Ulifanya kazi msimu mmoja. Pampu ilipoharibika hapakuwa na mfuko wa spea wala mtu aliyejua ni jukumu la nani. Wavuvi walikuwa wamefunga nyavu zao kwenye mabomba yake ili zikauke.

Kutokana na hesabu ile tulibadilisha ombi. Badala ya mtambo mkubwa, jambo la kwanza likawa kukarabati jabia zilizopasuka na kujenga moja mpya ya diko. La pili, masanduku ya barafu yenye kuta nene ambayo mashua inaweza kwenda nayo, pamoja na utaratibu wa kuleta barafu kwa boti kutoka mjini wakati wa kaskazi. Mtambo mdogo ukabaki wa tatu, baada ya maji kupatikana. Huo haukuwa mradi wa kupigia picha, lakini ulikuwa unawezekana.

Pitisha kila pendekezo kwenye maswali kama hayo ya nahodha: linahitaji maji gani, moto gani, fundi gani, na nani atalipa mwaka wa tatu? Mapendekezo yasiyohitaji mtambo wowote huwa mazuri kuliko yanavyoonekana. Kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kwa mfano, hakugharimu ila makubaliano na ulinzi, na pweza hukua upesi. Faida yake inawafikia akina mama moja kwa moja. Kununua mizani iliyokaguliwa na kuiweka mikononi mwa BMU ni kazi ya wiki moja.

Bakiza mambo matatu. Yakiwa saba, utapewa la saba.

Hatua ya 5: Hakikisha ardhi kabla ya matofali

Lamu ina majeraha ya ardhi, na kila mpango utayagusa. Ardhi ya diko ni ya nani? Je, ni ya umma, ni wakfu, ni ya familia iliyoko Mombasa, au kuna mtu tayari amechukua hati? Tafuta rekodi katika afisi ya ardhi na upate jibu lililoandikwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake, lakini usajili huchukua muda, kwa hiyo uanze mapema na usiungoje uishe ndipo uandike mpango. Ukigusa mikoko, fahamu kwamba kukata boriti na fito kunahitaji kibali. Ujenzi wa ufuoni nao utahitaji kupitia NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa.

Tumeona nini kinatokea hatua hii ikirukwa. Mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021. Katikati, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na haki za wavuvi zilikiukwa, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Katika madai ya namna hiyo mvuvi anahitaji kuonyesha yeye ni nani, anavua wapi na kwa vyombo gani. Daftari lenu la hatua ya kwanza lina kazi hiyo pia. Litunzeni.

Hatua ya 6: Andika kwa lugha ya bajeti

Kurasa mbili kwa kila mradi zinatosha. Weka jina na mahali hasa. Eleza hasara mnayoipata sasa, kwa nambari za mizani. Taja watakaofaidika, wanawake wangapi na wanaume wangapi. Gharama ya kujenga, na katika mstari wake wenyewe, gharama ya kuendesha kwa mwaka na atakayeilipa. Ushahidi wa ardhi. Kipimo kimoja cha kuonyesha kama mradi umefaulu: kwa mfano, kilo zinazouzwa kwa bei ya chini zimepungua kutoka 20 hadi 5 katika kila 100.

Halafu fungua Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ule wa miaka mitano. Uliopo ni wa 2023 hadi 2027. Tafuta programu ambayo mradi wenu unaingia ndani yake na uinukuu kwa jina lake kamili. Hili si jambo la urembo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema fedha za umma zisitengwe nje ya mfumo wa mipango, kwa hiyo afisa anayewataka mema hana njia ya kuwapa pesa ikiwa wazo lenu haliko popote kwenye maandishi. Kama kweli halimo, mpango unaofuata wa miaka mitano unaanza 2028. Karatasi zenu ziwe mezani wakati unaandaliwa.

Hatua ya 7: Funga kalenda ya upepo na kalenda ya bajeti

Hizi ndizo tarehe za Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ambazo kila kamati inapaswa kuzijua kwa moyo: waraka wa kuanzisha bajeti kufikia Agosti 30, mpango wa maendeleo wa mwaka bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio kufikia Aprili 30, na Julai 1 mwaka wa fedha unaanza.

Ziwekeni juu ya upepo. Juni na Julai kusi linavuma na wanaume wako nyumbani: huu ndio wakati wa mikutano mirefu, kupiga hesabu na kupigania mambo matatu. Kabla ya mwisho wa Julai, pelekeni kurasa zenu kwenye afisi ya mipango ya kaunti na kwa mwakilishi wadi ili ziwahi mpango wa Septemba. Chukueni nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Oktoba na Novemba, wakati wa tangambili, upepo unapogeuka, kabla watu hawajaenda dago, andikeni maoni yenu ya Februari mapema, yasomwe kwa sauti, na wavuvi wayatie sahihi. Mkutano ukiitwa katikati ya kaskazi, mtu mmoja anatosha kuupeleka ujumbe wenye sahihi mia.

Aprili mnarudi kusoma makadirio. Angalieni mambo mawili tu: je, jina la mradi wenu limo na kiasi chake? Na je, maendeleo yamepata angalau asilimia 30 ya bajeti kama sheria inavyotaka katika kipindi cha kati? Barua ya kukosoa ipelekwe bunge la kaunti kabla ya Juni kwisha.

Bajeti ya kaunti si mfuko wa pekee. Hazina ya Usawazishaji, iliyowekwa na Katiba kwa nusu ya asilimia moja (0.5%) ya mapato ya taifa kila mwaka, ni ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, na Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za mwanzo. Jabia inaingia humo bila kulazimishwa. Kwa masanduku ya barafu, akiba ya chama au sacco huwa ya haraka kuliko serikali yoyote, na mchango wa wavuvi wenyewe, hata mdogo, hubadilisha jinsi wanavyoulinda mradi.

Hatua ya 8: Simamia baada ya pesa kutoka

Teueni watu watatu wa kufuatilia, angalau mmoja awe mwanamke anayeuza samaki. Waombe nakala ya mkataba na orodha ya vifaa. Wakinyimwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kujibu ombi lililoandikwa. Ombi liwe fupi, lenye tarehe, lisilo na matusi.

Siku saruji inapomwagwa kwenye jabia, mmoja wao awepo. Hesabu mifuko, angalia kama mchanga ni wa pwani wenye chumvi, ambao utakula vyuma, na piga picha ya kila tabaka kabla halijafunikwa. Jabia haipokewi ikiwa kavu. Ijazwe, iachwe siku saba ikiwa imefunikwa, na kina cha maji kipimwe kwa fimbo asubuhi na jioni. Kama maji yameshuka, mkandarasi anaitwa kabla cheti chake hakijatiwa sahihi.

Bandikeni mapato na matumizi ya mradi mahali watu wanapopita, kando ya msikiti au kwenye ukuta wa diko, kila mwezi, kwa mkono. Na ile mizani isomwe tena, siku tatu kila msimu, na mtu yule yule, kwenye daftari lile lile, kuanzia ukurasa unaofuata ule wa mwanzo.